Chumvi Mara Tatu

Mama yangu alipika katika jiko la chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonja chakula kwa kijiko. Alichota mchuzi kwa upawa, akadondosha tone katikati ya kiganja cha kushoto, akapuliza, akalamba, kisha akafumba macho. Wapishi wenzake watano walisimama kimya wakimtazama. Akifumbua macho na kusema "Toeni," masufuria yalitolewa. Akisema "Bado," hata mkuu wa chuo alisubiri. Wanafunzi walimwita Mama Kiganja, na wengine walioondoka zamani na kuwa walimu wakuu huko waliko, wakikutana naye njiani bado wanamwomba awaonyeshe kile kiganja.

Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu. Ilipomwacha, ilimwachia uhai ikaondoka na pua na ulimi. Hakusikia harufu ya kitunguu kikiungua. Chai yenye sukari na maji ya bomba vilikuwa kitu kimoja kwake.

Alirudi kazini mapema mno. Siku hiyo alidondosha tone kiganjani kama kawaida, akalamba, akafumba macho, akasema "Toeni." Maharage yale yalikuwa yametiwa chumvi mara mbili, yeye alitia asubuhi, akasahau, akatia tena. Msaidizi wake alikuwa ameshaonja na alijua. Hakusema. Hakuna aliyesema, kwa sababu katika jiko lile neno la Mama lilikuwa la mwisho. Lakini mpishi anayeijua kazi yake hahitaji kuambiwa. Husoma ndoo za makombo. Siku hiyo ndoo zilirudi zimejaa hadi ukingoni. Mama alikaa juu ya gunia la unga akaziangalia.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza.

"Mama," msaidizi alijibu, "tungekuambiaje?"

Mkuu wa chuo akampa likizo. Daktari alisema ladha inaweza kurudi ndani ya mwaka mmoja, na mwaka ukipita itabidi tuzoee.

"Anasema *tuzoee*," Mama aliniambia tulipotoka pale. "Kana kwamba ulimi ni wetu sote."

Mwaka ule ulikuwa unakwisha Jumatatu. Jumatatu Mama alitakiwa kusimama tena mbele ya sufuria, na kama hawezi, kukabidhi funguo za jiko kwa msaidizi wake. Ilikuwa Ijumaa, na sisi watatu tulikuwa barabarani: mimi, Mama, na Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa ameazima gari la rafiki yake.

Wazo la safari lilikuwa langu, jambo ambalo bado linaniuma. Nilisoma historia chuoni, na nilikuwa na daftari la mahali pa kale ambapo sikuwa nimewahi kufika. Mjomba aliitazama orodha yangu akacheka.

"Huku kote napita na mzigo," alisema. "Hayo majengo yako siyajui, lakini kila penye jengo, pembeni pana mama mmoja anayepika vizuri. Wewe leta historia, mimi nitaleta sahani."

"Na mimi nilete nini?" Mama aliuliza.

"Ulimi, dada. Ulimi ni kama injini iliyolala. Ukiiwasha pale pale ilipozimikia haiwaki. Isukume mteremkoni, utaona itakavyokohoa."

Mama alicheka. Lakini nilipokuwa nafunga begi lake niliona amekunja aproni mpya na kuiweka chini kabisa, chini ya nguo, mahali mtu anapoweka kitu asichotaka kuulizwa.

Mahali pa kwanza palikuwa stesheni ya zamani ya reli, ambayo sasa ni makumbusho. Mwongozaji alituonyesha saa iliyokufa, kiti cha mkuu wa stesheni, na picha za wahandisi wenye sharubu. Alizungumza nusu saa bila kupumua. Alipotuuliza kama tuna swali, Mama aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Hawa waliojenga reli, walikuwa wangapi?"

"Maelfu, mama."

"Na chakula chao kilikuwa kinapikwa wapi?"

Mwongozaji alinitazama mimi, akamtazama Mjomba. "Hilo, mama, hatukufundishwa."

"Maelfu ya watu wanabeba chuma juani," Mama alisema tukitoka, "halafu hakuna anayejua nani aliwapikia. Historia gani hiyo, Konokono?"

Ananiita Konokono kwa sababu tangu utotoni mtu akinisemesha najivuta ndani. Ni kweli. Mimi mtu akinikanyaga mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Ndiyo maana nilichokifanya mchana ule kilinigharimu. Nyuma ya stesheni palikuwa na mgahawa wa kwanza aliouchagua Mjomba, wa supu ya nyama. Tulipoketi, nilisema naenda kunawa mikono, nikazunguka hadi jikoni. Mpishi alikuwa mwanamume mnene mwenye taulo shingoni.

"Samahani," nilimwambia, na sauti ikanikatikia. "Samahani sana. Yule mama mwenye kitambaa cha kijani. Bakuli lake, naomba umtilie pilipili. Nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Kiasi cha wewe kuogopa."

Alitikisa kichwa, akachukua kisu.

Mama alikula vijiko viwili. Cha tatu kilisimama njiani. Macho yakamjaa maji. Akaweka kijiko chini, akavuta pumzi kwa mdomo.

"Pilipili hii," alisema taratibu, "ina kiburi."

Mjomba alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Imekohoa! Nilisema nini? Injini imekohoa!"

Wateja waligeuka. Mama alikuwa anacheka huku anajifuta machozi, na mimi nilijifanya nimeangusha kitambaa ili niiname chini ya meza na kulia kidogo. Nilijua nimedanganya. Lakini nilijiambia: si ameisikia? Pilipili niliiongeza mimi, ulimi ulioisikia ni wake.

Siku ya pili tulipanda kilima kwenye ngome ya mawe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ngazi zilikuwa zinateleza, Mjomba akimshika Mama mkono na kumwambia asivunjike kabla ya chakula. Mwongozaji wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alituonyesha mizinga na matundu ya kuchungulia adui. Mama alisubiri amalize.

"Na jiko?"

Mwanamke yule alisimama. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeulizwa hali ya mtoto wake. "Miaka kumi na moja niko hapa," alisema, "wewe ni wa pili kuuliza. Njoo."

Jiko lilikuwa chumba kirefu nyuma ya ghala la baruti. Ukuta mmoja ulikuwa mweusi kuanzia chini hadi juu.

"Masizi haya ni ya karne nzima," mwongozaji alisema. "Mvua ikinyesha, ukuta huu bado unanuka moshi. Leo mna bahati."

Na kweli ulinuka. Niliusikia tangu mlangoni, moshi mkavu, na ndani yake kitu kama mafuta ya nyama. Mama alivuka chumba. Aliweka viganja vyote viwili ukutani, akasogeza uso, akagusisha pua kwenye lile jiwe jeusi, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mabega yalipanda na kushuka. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mwongozaji alianza kutazama viatu vyake.

"Konokono," alisema bila kugeuka, "unanuka?"

"Unanuka, Mama."

"Moshi wa kuni gani?"

Sikujua. Yeye angejua. Zamani akipita nje ya nyumba ya mtu alikuwa anaweza kukuambia wanachokula, kuni walizotumia, na kama bibi wa nyumba ana hasira.

"Sijui, Mama."

"Haya." Alijitenga na ukuta. Ncha ya pua ilikuwa na masizi.

"Dada," Mjomba alisema, "umepaka poda, lakini umekosea rangi." Mama akacheka, akajifuta kwa upindo wa khanga, masizi yakasambaa shavuni, na hakuna aliyemwambia.

Mchana ule, katika mgahawa wa pili, niliomba limau na chumvi mara mbili. Safari hii nilisaidia mwenyewe kukamua malimau, kwa sababu mpishi alikuwa amezidiwa na wateja. Mama alionja kuku, akasema, "Hapa chumvi na limau zimeshikana mikono." Mjomba alimbusu utosini. Na njiani, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, Mama alianza kupika kwa maneno. Jumatatu ataanza na maharage, alisema, yale yale yaliyomwaibisha. Ataloweka Jumapili jioni. Vitunguu atakaanga hadi viwe rangi ya chai. Nilikaa kiti cha nyuma nikimsikiliza, nikaamini kila kitu. Mtu akiutaka sana uongo wake mwenyewe, hufika wakati akasahau kuwa ni yeye aliyeutunga.

Jumapili ilikuwa zamu ya magofu kando ya mto. Mji mzima wa mawe, kuta za kiunoni, nyasi zimeota ndani ya vyumba. Mwongozaji, kijana mwenye kofia kubwa, alisema hakuna ajuaye kwa nini watu wake walihama. Labda vita, labda ukame.

Mama hakumuuliza chochote. Alikuwa ameshayaona mwenyewe. Katika kila nyumba, kwenye pembe moja, mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa kama yalivyowekwa. Aliingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya tatu alichuchumaa, akaliweka sawa figa moja lililoinama.

"Walibeba milango," kijana alisema. "Walibeba hata mawe ya kusagia. Mafiga wakaacha."

"Mpishi haachi mafiga yake kwa hiari," Mama alisema. Akabaki amechuchumaa pale, mkono juu ya jiwe, hadi Mjomba alipopiga honi.

Mgahawa wa mwisho ulikuwa kibanda cha mabati kando ya mto, meza nne, samaki wa mchuzi. Nilikwenda jikoni bila hata kusingizia kunawa. Mpishi alikuwa msichana wa rika langu.

"Sahani yenye ukingo wa bluu ni ya mama yangu," nilimwambia. "Mchuzi wake utie chumvi mara tatu."

"Dada, unataka kumuua?"

"Nataka kumwamsha."

Alicheka, akadhani ni utani. Nilisimama hadi nilipoona amefanya. Vijiko vitatu vilivyojaa.

Sahani zilikuja. Ya bluu iliwekwa mbele ya Mama, nyeupe mbele yangu na mbele ya Mjomba. Mama akaiangalia ya kwake, akaiangalia yangu. Ya kwake ilikuwa na kipande cha tumboni, kile chenye mafuta. Na kabla sijafungua mdomo alifanya jambo alilolifanya maisha yangu yote, kila tulipokula pamoja, hata nilipokuwa na miaka mitatu, hata siku niliyomaliza chuo. Alibadilisha sahani. Ya bluu akaisukuma kwangu, nyeupe akaivuta kwake.

"Kula tumbo," alisema. "Umekonda na historia yako."

Ningeweza kusema. Sikusema. Nilijua mezani kwetu mama hakatazwi kumpa mtoto kipande chema; sasa ningemzuia kwa sababu gani? Nikamega, nikachovya, nikatia mdomoni.

Haikuwa chumvi tena. Ilikuwa uchungu mtupu, kitu kilichoushika ulimi na kuukunja. Koo lilikataa. Nilimeza kwa nguvu, nikainua macho, na Mama alikuwa ananiangalia huku anatafuna kutoka sahani nyeupe. Akakunja uso kidogo. Akachukua glasi ya maji.

"Lo!" alisema. "Hawa wamezidisha chumvi. Inachoma. Lakini tamu, eh? Ulimi wote umeamka."

Mjomba, aliyekuwa ameshakula nusu ya samaki wake, alichovya kidole kwenye sahani ya Mama.

"Chumvi gani, dada? Mbona huu umepooza kama wangu? Mimi nilikuwa nataka kuagiza ya kuongeza."

Nilimwona Mama akishusha glasi. Aliiangalia sahani nyeupe, akaiangalia ya bluu, kisha uso wangu. Sikuweza kuuficha. Machozi yalikuwa yananitoka, ya chumvi ile na ya mengine. Mjomba alinitazama, akamtazama dada yake, na nadhani ilimfikia taratibu, kwa sababu alianza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Leta," Mama alisema.

"Mama, basi."

"Leta hiyo sahani."

Nikampa. Alichota mchuzi kwa kijiko, akadondosha katikati ya kiganja cha kushoto. Akaupuliza ingawa haukuwa wa moto. Akalamba. Akafumba macho.

Mto ulikuwa unapita. Yule msichana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, upawa mkononi, akituangalia. Nilijikuta nimesimama wima, mikono nyuma, kama walivyosimama wapishi wake watano kwa miaka ishirini na sita. Niliomba moyoni. Niliomba aseme *bado*.

Alifumbua macho.

"Maji ya vuguvugu," alisema.

"Hata kwa mbali, dada?" Mjomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata kidogo sana?"

"Maji, mdogo wangu." Akajifuta kiganja kwenye khanga. Kisha akaniuliza, "Niambie. Ikoje?"

"Hailiki, Mama. Ni chungu kwa chumvi."

"Asante," alisema. "Mwaka mzima hakuna aliyeniambia hivyo."

Nilikaa. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu Ijumaa. Pilipili haihitaji ulimi, mwanangu. Hata jicho linaijua pilipili."

"Na jana?"

"Jana ulirudi mezani una mbegu ya limau kwenye mkono wa blauzi. Leo umekwenda jikoni hata hukunawa. Nikasema, leo itakuwa chumvi." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Nikakosea sahani tu. Ningekumbuka kutobadilisha, ningeshinda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi. Wewe na furaha mnakutana mara ngapi kwa mwaka?"

Mjomba aliinuka akaenda ukingoni mwa mto, akasimama ametugeuzia mgongo.

"Na yale maharage?" nilimuuliza Mama. "Yale uliyosema utaloweka leo jioni?"

"Yale nilikuwa nakupikia wewe," alisema. "Pale garini. Si uliyala?"

Akaanza kula tena kutoka sahani nyeupe, haraka haraka, bila kuchagua, kipande baada ya kipande. Alipoona namtazama alisema, "Sasa nakula hivi. Kama mtu anayejaza gunia. Usinionee huruma, inachosha." Alimaliza sahani yote. Ya bluu ilibaki katikati ya meza, na msichana alipokuja kuichukua aliibeba kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kama aliyefanya kosa yeye.

Tulirudi siku ile ile. Tulipofika mlangoni Mjomba alisema tu, "Dada," na Mama akamjibu, "Nenda ukalale, dereva."

Jumatatu asubuhi nilimsikia akioga. Alivaa gauni lake la kanisani, si sare. Aproni mpya aliiacha kitandani, bado imekunjwa, na funguo za jiko alizishika mkononi, hakuzitia mkobani. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Alisema maneno ni machache, hayahitaji watu wawili.

Kabla ya saa nne alikuwa amerudi. Nilimuuliza wamesemaje. Walimwambia kuna nafasi ghalani, ya kuhesabu magunia, akawashukuru. Alimkuta msaidizi wake ana sufuria la maharage motoni, na yule bwana, kwa mazoea au kwa heshima, alichota mchuzi akamsogezea upawa. Mama alinyoosha kiganja. Halafu akaukunja mkono, akamwambia, "Onja wewe," akatoka kabla hajasikia kama msaidizi alisema toeni au bado.

Njiani alipita dukani akanunua mkate. Aliuweka mezani, bado una joto, akakata kipande kinene, akanisogezea. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu, viwiko juu ya meza, mashavu kwenye viganja.

"Kula," alisema, "nikuone."

Nilijua anachotaka. Alitaka kuusoma mkate ule usoni kwangu, kama alivyokuwa anasoma ndoo. Mimi ambaye maisha yangu yote nimeuficha uso huu, nikauinua. Nikamega. Nikatafuna. Macho yake hayakunitoka, yalikuwa yanasubiri, na kadiri yalivyosubiri ndivyo mkate ulivyozidi kupoteza utamu mdomoni mwangu, hadi nikawa natafuna kitu laini tu, chenye joto.

"Ukoje?" aliuliza.

Nilimeza. Sikujua niweke uso gani.